Maji ya Lori la Tatu

Kigogo cha zege kilikuwa kimelazwa juu ya taulo kuukuu, kinene kama mkono wa mwanamume na kirefu kama chupa ya bia. Sajini Ilona Dudas alikizunguka mara mbili kabla ya kuvua glavu. Miaka kumi na tisa katika polisi ya Hamilton ilikuwa imemfundisha kusoma maiti. Jiwe hakuwahi kulisoma, na jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka Alhamisi. Leo ilikuwa Jumanne.

"Hiki kimetolewa pale pale?" aliuliza.

"Nusu mita kutoka pale," alijibu Dkt. Bronwen Pelley. "Pale penyewe hapakubaki kitu cha kutoboa."

Pelley, mwanamke mwenye maabara hii, ndiye aliyekuwa mshukiwa. Kigogo kilikuwa kimeshapimwa na maabara nyingine, ya Toronto, na alichokitaka Ilona kwake kilikuwa maelezo tu, na nafasi ya kumtazama usoni akiyatoa.

Mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Tarehe kumi na moja Januari, asubuhi, Graça Furtado, mwanamke wa miaka hamsini na minane, alitoka kwenye roshani ya ghorofa ya tatu na ndoo ya chumvi ili ayeyushe barafu mlangoni pake. Akateleza, akaishika reli. Nguzo ya reli ikang'oka na bolti zake nne pamoja na zege lililozishika, naye akaenda nayo chini. Jengo lilikuwa la ushirika wa nyumba, limejengwa kwa kokoto za zege lililosagwa kutoka kwenye kuta za kiwanda cha chuma kilichobomolewa mtaa wa pili. Mchanganyiko aliutunga Pelley. Aliyelimwaga zege na kulipiga randa alikuwa Délio Furtado, mume wa marehemu, fundi wa zege kwa miaka thelathini na minne. Siku ya kwanza ya uchunguzi, mbele ya watu, Délio alimtemea Pelley mate kwenye koti na kumwambia, "Umeniulia mke kwa takataka zako."

Tangu siku hiyo mji mzima uliliita zege la takataka.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," Ilona alisema.

"Mama yangu alikuwa mhandisi."

"Basi mama yangu. Alikuwa anakaanga mikate ya lángos sokoni."

Pelley hakucheka. Alikuwa amekonda tangu Januari. "Kokoto za zege la zamani zina ugonjwa mmoja. Kila jiwe limevaa koti la saruji ya zamani, na koti lenyewe ni bovu, lina nyufa, lina vitundu, linakunywa maji. Ukiyatia mawe hivyo hivyo, yanakunywa maji ya zege jipya njiani, na lori linafika na uji mkavu. Sisi tunayazungusha kwenye pipa yasuguane mpaka koti lipungue. Linalobaki tunalifungia kwa gesi ya kaboni, linakuwa gumu. Halafu mawe tunayalowesha usiku kucha. Yakiingia kwenye mchanganyiko yameshashiba, hayaombi tone."

"Na bado yamevunjika."

"Silinda za majaribio zilizojazwa siku ya kumwaga zilipondwa baada ya siku ishirini na nane. Zilibeba megapaskali thelathini na nane. Jengo lilihitaji thelathini na mbili. Kigogo hiki kimebeba kumi na saba."

"Zege moja haliwi mawili, daktari. Silinda zilibadilishwa."

"Nilijua utasema hivyo." Pelley akavuta ndoo kutoka chini ya meza. Ilikuwa na vipande vya zege lililopondwa, na karatasi ya jina juu yake: *lori la tatu, 16 Oktoba*. "Maabara nyingine huvitupa. Mimi huvitunza, ni utafiti wa maisha yangu. Linganisha."

Ilona alichukua lenzi. Ndani ya kigogo aliona punje za kijani zinazong'aa kama chupa iliyovunjika. Alijua zilikotoka, kila mtoto wa upande wa mashariki wa mji aliwahi kuchezea mabaki yale ya tanuri la chuma. Akatazama ndani ya ndoo. Punje zilezile zilikuwamo.

"Mawe ni yaleyale," alisema. "Lakini mawe unayo hapa tani nzima. Ungeweza kuzitengeneza silinda humu humu ndani."

"Ningeweza," Pelley alisema. "Muulize aliyezitengeneza. Lakini kabla hujaenda, tazama ufa umepita wapi."

Ilona aliinama tena. Ufa ulipita kati ya mawe, ukaliacha hili, ukalizunguka lile. Haukulipasua hata moja.

"Miaka kumi na miwili nimelihofia koti lile la zamani," Pelley alisema, na sauti yake ilikuwa chungu. "Ndilo lililosimama. Kilichokufa ni saruji mpya. Na chini ya kila jiwe, unaona kile kijifereji?"

"Naona."

"Hicho ni kaburi la maji. Maji yakizidi hupanda juu, yanakwama chini ya jiwe, yakikauka yanaacha tundu. Yanaharibu na vipovu vya hewa tunavyovitia ili zege listahimili barafu. Kipupwe cha kwanza kinalilegeza, cha pili kinalivunja."

"Maji yalitoka wapi?"

"Si hapa."

"Kila mshukiwa wangu husema si hapa." Ilona alivaa glavu moja, akasita. "Fundi Furtado alijua kwamba mawe yako yameshashiba?"

"Ilibandikwa karatasi kwenye kibanda cha saiti. Kwa herufi kubwa. Usiongeze maji."

"Sikuuliza karatasi."

Pelley alilikunja taulo juu ya kigogo, upande mmoja, kisha wa pili. "Sikumwambia," alisema. "Nilikuwa na mkutano."

*

Wendell Mroz, aliyekuwa mpimaji wa zege siku ile, sasa alikuwa anauza matairi huko Stoney Creek. Alimpokea Ilona nyuma ya rundo la matairi ya theluji, mikono mifukoni.

"Silinda ulizitengeneza wewe?"

"Kwa mikono hii."

"Wapi?"

"Saiti. Lori la tatu. Saa nne kasoro dakika ishirini, imo kwenye daftari langu. Nilijaza koni ya kupimia ulaini, nikainua, zege likashuka milimita themanini. Safi kama lilivyoandikwa. Nikajaza silinda sita, nikaziweka kwenye sanduku la joto."

"Pelley alikuwepo?"

"Pelley? Yule hajui hata geti la saiti liko upande gani." Alicheka peke yake. "Silinda, dada, hulelewa kama watoto wa mfalme. Joto, maji, kitanda. Zege la jengoni linalala nje na baridi."

Ilona aliandika. Uwezekano wa silinda kutengenezwa maabara ulikuwa umekufa hapo, naye aliukata kwa mstari. Wiki tatu alizozipoteza juu yake hazikurudi.

"Kanuni inasema zege la kupima lichotwe katikati ya mzigo," alisema. Alikuwa ameisoma alfajiri ile na kahawa. "Lori la tatu lilikuwa la kumalizia, meta tatu tu za ujazo. Ulichota katikati?"

Mroz alitoa mkono mmoja mfukoni, akajikuna shingo. "Nilichota mwanzo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na saiti nyingine Burlington. Kila mtu huchota mwanzo. Usinitazame hivyo."

"Kwa hiyo ulichopima ni zege kama lilivyofika. Kilichofuata hukukiona."

"Nilikuwa napakia sanduku garini."

"Ukiwa unapakia, ulitazama upande gani?"

Mroz akasukuma tairi moja kwa mguu. Nje mtu alikuwa anaishindilia hewa tairi, mashine inapiga kelele. Ilona alimngojea, kungojea hakukuwa kazi ngumu kwake.

"Upande wa lori," Mroz alisema mwishowe. "Fundi alikuwa amesimama kwenye mdomo wa mfereji wa kumwagia zege, anamwangalia dereva. Akafanya hivi." Alinyanyua mkono, akakunja vidole vinne, akapeleka kidole gumba mdomoni, kama mtu anayekunywa. "Ndiyo ishara yao. Kila mara moja, lita arobaini."

"Alifanya mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Ulihesabu."

"Mara nne," Mroz alisema. "Ningesema nini? Mimi nina miaka ishirini na mitatu, yeye anamwaga zege tangu kabla sijazaliwa. Nikamwambie fundi Furtado hajui kazi?"

*

Mazoea yana tabu, wasema watu, na tabu kubwa kuliko zote ni mazoea ya mtu hodari. Sheria ya lori la zege ni moja: dereva haongezi maji bila saini. Hati ya mzigo ina nakala tatu. Nyeupe huenda kiwanda cha zege, ya manjano hubaki saiti, ya waridi hukaa na dereva. Mahali pa nyeupe ya lori la tatu, kiwandani, palibaki alama ya stepla tu, karatasi haikuwepo. Ya manjano haikuwepo kwenye jalada la saiti. Nakala mbili hazipotei kwa bahati mbaya. Ilona alikwenda kwa dereva.

Hermínio Botelho alikuwa amestaafu. Alimkuta ndani ya gereji yake, mlango uko nusu wazi, anahamisha divai kutoka pipa moja kwenda jingine kwa mpira. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega ya kazi, na alimtolea kigoda kabla ya kumsalimia.

"Karibu mama. Divai?"

"Niko kazini."

"Hata mimi niko kazini, na nakunywa."

"Bwana Botelho, tarehe kumi na sita Oktoba, mwaka juzi, lori la tatu. Naomba nakala yako ya waridi."

"Nimezichoma zote. Mke wangu hapendi makaratasi."

Ilona alitazama rafu. Juu ya mitungi ya zeituni kulikuwa na makopo ya biskuti kumi na moja, kila moja limebandikwa mwaka. "Mke wako anapenda makopo," alisema.

Hermínio aliuziba mpira kwa kidole gumba. Divai ikasimama.

"Zamani waliwahi kunisingizia kwamba nilichelewesha mzigo ukagandia njiani," alisema. "Tangu hapo natunza."

"Nakala nyeupe kiwandani imechomolewa. Ya manjano haipo. Nani mwingine anaweza kuingia ofisi zote mbili, watu wakamsalimia na kumpa kahawa?"

"Watu wengi."

"Wewe ulikwenda zote mbili tarehe kumi na nne Januari, siku moja baada ya mazishi. Karani wa kiwandani anakukumbuka. Ulimpelekea vitumbua vya maziwa."

Mzee akakaa juu ya pipa.

"Mimi ni baba wa ubatizo wa binti yake," alisema. "Tulitoka kisiwa kimoja, ndege moja. Nilishika upande mmoja wa jeneza la Graça. Amezika mke, sajini. Unataka na yeye nimzike?"

"Alhamisi mtu mwingine atashtakiwa kwa kuua kwa uzembe."

"Yule ana mawakili."

"Yule hana kosa."

"Kosa hilo la zege, mama, liko kwa kila mtu aliyewahi kushika koleo." Alikuwa na hasira sasa, na haikumlenga Ilona. "Unajua kwa nini alinipa ishara? Si uvivu. Mwaka ule kabla ya hapo tulimwaga zege la mawe ya kubomoa huko Brantford. Mawe machafu, hayajaloweshwa, hayajafanywa lolote. Yakanywa maji yote, zege likagandia kwenye mfereji, tukalivunja kwa nyundo siku mbili. Délio akaapa hatashikwa tena. Basi siku ile anaona mawe yana ncha, uji umekaza, tena baridi inakuja. Macho yake yakamwambia, hili lina kiu. Macho yake hayakuwahi kumdanganya."

"Wewe ulijua mawe yameshashiba?"

"Kiwandani waliniambia."

"Ukamwambia?"

Hermínio aliinuka, akashusha kopo la nne kutoka kushoto. Hakuhitaji kutafuta, karatasi ilikuwa ya juu kabisa. *Maji yaliyoongezwa saiti: lita 160. Kwa idhini ya:* na chini yake saini, D. Furtado, mkia wa herufi ya mwisho umerudi nyuma chini ya jina lote kama ndoano.

"Nilimwambia," Hermínio alisema. "Muulize yeye nilimwambiaje. Na divai hii hutainywa hapa kamwe, nadhani."

*

Délio Furtado alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ileile, ghorofa ya tatu. Mlango wa mbele ulitazama roshani, kwa hiyo ulikuwa umezibwa kwa mbao, na mtu aliingia kwake kwa mlango wa ngazi za dharura, kupitia jikoni. Alikuwa mrefu, mikono imepasuka kwa saruji, amevaa sweta jeusi. Alimwekea Ilona kahawa ndogo nyeusi na kipande cha mkate mtamu, akakaa.

"Alhamisi?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Atafungwa?"

"Ndiyo nimekuja kuhusu hilo. Nina kitu nataka ukitazame. Nimeshaonyeshwa na wasomi, sasa nataka jicho la fundi."

Hilo lilimpendeza. Wakuu wote waliopita hapo walimpa pole. Hakuna aliyemwuliza kazi yake. Ilona alikitoa kigogo kutoka kwenye mfuko, akakiweka kati ya vikombe. Bahasha yenye karatasi ya waridi ilibaki ndani ya koti lake. Alikuwa amekwisha kuamua kuitoa mwisho, na alijidharau kidogo kwa hila hiyo, lakini aliifanya. Ushahidi wa mtu mwenyewe haupingwi na wakili.

Délio hakukishika mara moja. Alivaa miwani. Akakigeuza, akakipeleka dirishani. Halafu akapitisha ukucha wa kidole cha shahada kwenye saruji iliyo kati ya mawe, na vumbi jeupe likadondoka kwenye kitambaa cha meza.

"Pah," alisema.

"Nini?"

"Linachubuka kwa ukucha. Zege lililokomaa lingetakiwa liumize ukucha." Akakigonga kwa kisu cha mkate, akasikiliza. "Na sauti imekufa. Ona rangi, jeupe kama maziwa ya kopo. Ona hapa chini ya jiwe, pana nafasi. Hata hapa."

"Mawe yenyewe?"

Alisita. Ilimwuma kusema. "Mawe mazima. Siwezi kusema uongo. Mawe yameshika." Akalikwaruza moja kwa ncha ya kisu, kisu kiliteleza. "Magumu haya. Sikutegemea."

"Basi ni nini kimelivunja?"

"Si unaona mwenyewe? Limezamishwa. Hili si zege, ni supu. Mtu kalitia maji mpaka likasahau jina lake." Sauti ilikuwa imepanda, ya fundi anayemgombeza mwanafunzi. "Mjinga gani huyu? Mawe yanayoshika hivi, uji ungekaa wenyewe, angepiga randa nusu saa zaidi, basi. Lakini hapana, anataka litiririke, awahi chakula. Ningekuwa mimi ndiye msimamizi, mtu huyo asingeshika koleo tena. Mwambie yule mama wa maabara..."

Akakigeuza tena. Akakiweka kigogo mezani polepole.

"Umekitoa wapi hiki?"

"Hapo nje."

"Lori la ngapi?"

"La tatu."

Délio aliutazama mlango uliozibwa kwa mbao. Ilona alimwona akihesabu: lori la kwanza upande wa ngazi, la pili katikati, la tatu pembeni, mlango wao. Aliichagua nyumba hii yeye mwenyewe, walisema majirani, kwa sababu pembe ile aliimaliza kwa mkono wake na alitaka mkewe akanyage kazi yake. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka kutoka mezani. Vidole vinne vilijikunja, na kidole gumba kikapanda mpaka kwenye mdomo, kikagusa mdomo, kikabaki hapo.

Ilona alikuwa na huruma naye na hakuwa na la kumpa.

"Hermínio aliniambia," Délio alisema, akiushusha mkono. "Alishuka kwenye lori akaja mpaka nilipo. Akasema, ndugu, mawe haya yameshakunywa, usiyape tena. Aliniambia mbele ya watu wote."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamcheka. Nikamwambia zege halisomi vitabu." Alivua miwani. "Graça alikuwepo. Alituletea mkate na nyama. Na yeye akacheka."

Alilikusanya vumbi jeupe kwa ukingo wa kiganja, mpaka likawa kirundo kidogo, akakaa analitazama. Kahawa ilipoa.

"Una karatasi?" aliuliza.

"Ninayo ya siku ile. Hermínio aliificha."

"Hiyo naijua. Nataka tupu."

Ilona akampa karatasi ya maelezo na kalamu. Délio aliandika kwa herufi kubwa, taratibu, akisimama kila baada ya neno, na haikuzidi mistari sita. Ilona aliisoma ikiwa kichwa chini upande wake. Mistari mitano ilikuwa ya maji. Wa sita ulisema: *Nilimtemea mate mama wa watu.*

Kisha akatia saini, na mkia wa herufi ya mwisho ukarudi nyuma chini ya jina lote, kama alivyokuwa ametia saini siku zote.